Pacha wa Namba 37

1

Mimi ni mwoga, na nalisema mapema ili mtu asinitafutie ushujaa katika haya nitakayoyaeleza. Naogopa radi, naogopa ngazi za mnara, naogopa hata sufuria la uji likianza kuchemka kwa kishindo. Lakini kitu nilichokiogopa kuliko vyote, kwa miaka kumi na mitano, ni sauti ya Kaka Eliakimu akisoma namba nyuma ya mgongo wangu.

Kazi yetu ilikuwa ya watu wawili. Mmoja anakaa mbele ya skrini na kusoma, na haruhusiwi kugusa kitu. Mwingine anakaa mbele ya ubao wa skrubu, ameipa skrini mgongo, anakaza na kulegeza, na haruhusiwi kugeuka. Sheria hiyo ililetwa baada ya mnara wa jirani kuachiwa kompyuta ijirekebishe yenyewe. Kompyuta ilitangaza kwamba kila kitu ni safi, na asubuhi yake watu arobaini na mmoja hawakuamka. Tangu hapo ikaamriwa macho yawe ya mtu mmoja na mikono iwe ya mwingine, ili anayetaka kudanganya alazimike kumtafuta mwenzake.

Kaka Eliakimu Mwambene alikuwa macho. Mimi, Tusekile, nilikuwa mikono.

Wote wa hapa Lugumbi tumepitiwa na homa ya kimya. Homa yenyewe hupona kwa wiki mbili, ila ikiondoka moyo umeshasahau kudunda. Kwa hiyo kila mtu ana kidundo kifuani, kidude cha ukubwa wa punje ya haragwe, na kidundo hakijui lolote mpaka mnara ukiambie. Mnara unapokea habari za mwili wako, kama unapanda mlima au umelala, na unakurudishia pigo linalokufaa. Kila mtu ana namba yake. Mnara ukinyamaza, kidundo hukumbuka pigo la mwisho kwa dakika nne. Baada ya hapo moyo unaachiwa akili yake mwenyewe, na akili hiyo haipo.

Orodha ya Lugumbi ni ya watu mia mbili. Kadi yangu imeandikwa 37B. Kaka Eliakimu ni 37. Siku nilipoanza kazi nilimuuliza hiyo B ni ya nini, akasema ni ya wafanyakazi wa mnara, nami sikuuliza tena. Kulikuwa na mambo madogo madogo ambayo fundi mwingine angeyatilia shaka. Kaka akipanda ngazi kwa haraka, mimi niliyekaa kwenye kiti moyo ulinienda mbio. Alipougua malaria, mimi ndiye niliyeshindwa kuinua ndoo. Tukacheka kwamba tumekuwa mapacha wa uzeeni, na kicheko kikatosha kulimaliza jambo.

Asubuhi ile, saa mbili, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya pareto, aliingia Bi Shamsa Mbaruku, mkaguzi kutoka makao makuu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti refu, na kwapani alibeba sanduku la chuma.

"Mnapimaje hapa?" aliuliza hata kabla hajakaribishwa kiti.

"Kwa waya, Bi Mkaguzi," Kaka alijibu. "Pigo linatoka kwenye mtambo wa kurushia, linapita kwenye waya huu, linarudi kwenye kipokezi chetu. Tunaangalia pacha amebaki kiasi gani."

"Na kipokezi chenu kinapimwa na nini?"

Kaka alikohoa. "Na mtambo wa kurushia."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na mitano, kumi na sita."

Bi Shamsa aliliweka sanduku mezani. "Basi hamjawahi kupima chochote. Mmekuwa mkimuuliza mshtakiwa, na shahidi ni ndugu yake." Alitoa kipokezi chake mwenyewe, kidogo, kipya, chenye antena ya kukunja. "Hiki hakiwajui. Nitakipeleka uwanjani, kisikilize hewani kile wanachosikia watu. Skrini itabaki hapa kwako, bwana."

Inabidi nieleze pacha ni nani. Mtambo wetu hupandisha pigo hewani kwa hatua moja tu, bila kituo cha kati. Kwa hiyo kila pigo hugawanywa njia mbili, na njia ya pili huchelewa robo ya mzunguko nyuma ya ile ya kwanza. Njia zikiwa na nguvu sawasawa, na robo ikiwa robo kweli, upande wa juu wa masafa zinajumlishana, na upande wa chini zinafutana. Lakini hakuna njia mbili zilizolingana kabisa. Moja ikizidi nguvu kidogo, au robo ikipungua unywele, kufutana hakukamiliki, na upande wa chini hubaki pigo jingine, dhaifu, limegeuzwa kinyume. Namba 10 ya juu inazaa 10 ya chini. Huyo ndiye pacha, na kazi yangu yote maishani ilikuwa kumfuta kwa bisibisi. Skrini huonyesha amesukumwa desibeli ngapi, yaani vipimo vya nguvu, chini ya mwenzake; namba ikikua, yeye anafifia. Sheria inataka hamsini na tano.

Siku zote upande wa chini uliachwa mtupu, kwa hiyo pacha akizurura hakumdhuru mtu. Sasa halmashauri ilikuwa imeamua kuujaza. Malori sita yalikuwa yamepanda kutoka bondeni na wagonjwa mia mbili, yameegeshwa kwenye uwanja wa viazi, na saa sita mchana wagonjwa hao wangeunganishwa na namba za chini. Ambaye namba yake ingekuwa bado na pacha wa mtu mwingine, moyo wake ungepokea amri mbili zinazopishana. Hilo moyo hauwezi kulistahimili hata kwa nusu saa.

Bi Shamsa alitoka na kipokezi chake. Nilikaa kwenye kiti changu, nikashika bisibisi, nikautazama ukuta.

"Ishirini na mbili," Kaka alisoma, na sauti yake ilikuwa imekauka. Kwa waya, jana tu, alinisomea hamsini na nane.

"Ishirini na mbili? Kaka, tumeua watu?"

"Upande wa chini hauna watu. Kaza ya nguvu, robo mzunguko."

Nikakaza. "Ishirini na sita." Nikakaza tena. "Thelathini. Sasa ya pembe, legeza polepole." Nilipolegeza skrubu ya pembe, kifuani pangu kitu kiliruka. Si maumivu. Ni kama umekosea kuhesabu ngazi gizani, mguu ukashuka mahali ambapo hapana kitu. Vidole vyangu vilipoa.

"Endelea," Kaka alisema.

"Subiri kidogo."

"Tusekile, endelea. Arobaini na moja. Arobaini na tisa. Hamsini na saba. Acha hapo hapo."

Niliacha. Moyo ulikuwa unadunda, lakini kwa mbali, mfano wa mtu anayebisha hodi nyumba ya pili. Sijawahi kuogopa hivyo, na mimi nimeogopa sana katika maisha yangu.

2

Kanuni inataka pointi tano tu zipimwe baada ya skrubu mbili kubwa: namba 5, 60, 100, 140 na 195. Kaka alizisoma zote, na zote zilikuwa juu ya hamsini na tano. Bi Shamsa alisema kwenye redio ya mkononi kwamba ameridhika, na kwamba anakunywa chai kwanza.

Mimi sikuridhika. Mwoga ana faida moja, hawezi kuacha jambo linalomtisha likae nyuma yake. Nilifungua kifuniko cha ubao mdogo, ule wenye skrubu mia mbili ndogo, moja kwa kila namba. Hizo huwekwa na kiwanda na kufungwa kwa rangi nyekundu, na haziguswi. Nilipitisha tochi mstari kwa mstari. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Ya thelathini na saba haikuwa na rangi. Kichwa chake kilikuwa kinang'aa kwa kuguswa.

"Kaka," nilisema, "wewe si macho?"

Nilisikia kiti chake kikisogea.

"Macho hayagusi skrubu. Nani amekuwa akigusa hii?"

Alikuja akasimama nyuma yangu, na moyo wake ulipoanza kwenda mbio nilijua, kwa sababu wangu nao ulianza, kwa mbali, kwa unyonge. Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu kwa mara moja. Nikakaa chini sakafuni.

"B si ya wafanyakazi," nilisema.

"Hapana, mdogo wangu."

"Mimi simo kwenye orodha."

"Hukuwahi kuwemo." Naye alikaa chini, mzee wa miaka sitini na tatu, akaegemeza mgongo kwenye kabati la betri. "Lori lililokuleta lilikuwa na watu watatu, na orodha ilikuwa imebakiza nafasi mbili. Walikuweka kwenye turubai kando ya lori, ukiwa bado kwenye waya wa mashine yake ya moyo, wakisubiri safari ya kurudi. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Ulikuwa umevaa sweta la shule. Mimi nilikuwa na pacha asiye na kazi, Tusekile. Nikageuza kidundo chako kisikilize upande wa chini, kinyume, nikaivunja rangi ya skrubu yangu nikampa pacha nguvu kidogo. Basi. Ukafumbua macho ukaomba maji."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Nililia, sioni haya kulisema.

"Kwa hiyo umenisomea uongo miaka kumi na mitano."

"Namba 37 tu. Kwingine kote kipokezi chetu ndicho kilichotudanganya wote wawili. Kasoro yake ilikuwa kinyume cha kasoro ya mtambo, ikaifuta kwenye waya. Leo nimeshtuka kama wewe."

"Sasa hivi 37 inasoma ngapi?"

"Thelathini na moja. Ilikuwa na nguvu zaidi kabla hujakaza zile kubwa. Ndiyo maana umejisikia vibaya. Ikipita arobaini, kidundo chako hakitasikia tena." Alijifuta uso kwa kiganja. "Lakini haitapita. Zinapimwa pointi tano, na 37 si mojawapo. Bi Mkaguzi ameridhika. Tufunge kifuniko tukanywe chai."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, na nusu yangu ilikubali papo hapo. Nikisema nilisita sana nitakuwa naongopa. Niliwaza, nimeponea. Mkono wangu ulikuwa umeshakigusa kifuniko nilipouliza.

"Na 37 ya chini kapewa nani?"

"Usiulize."

"Kaka."

"Orodha iko mezani. Mimi sijaisoma, na wewe usiisome."

Niliisoma. *37 chini: Lusajo Mwakibete, miaka 7.*

"Wamhamishie namba nyingine," nilisema.

"Nafasi ni mia mbili, watu ni mia mbili."

"Mtu akifa hapa Lugumbi?"

"Namba inakwenda bondeni, kwenye foleni yao. Sheria unaijua. Nimejaribu kukuombea mara mbili kwa jina la uongo, nikakaribia kufungwa." Alinishika mkono. "Nimefikiria hata kuizima yangu, nikuachie."

"Ukizima yako, pacha wako naye anazimika. Sisi ni pigo moja."

"Ndiyo," alisema. "Hilo nalo nimelifikiria."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu. Nikamwambia natoka kwenda kupunga hewa.

3

Malori yalikuwa yamepangwa ubavu kwa ubavu juu ya matuta ya viazi yaliyokwisha kuvunwa. Kila lori lilikuwa na mashine moja kubwa katikati, inanguruma, na kutoka kwenye mashine zilitoka kamba, nyaya nene za mpira zenye urefu wa mita tatu. Kila mgonjwa alikuwa amechomekwa kamba yake chini ya mtulinga. Hao hawajapata mnara. Wanaishi ndani ya mita tatu, wanalala hapo na wanakula hapo, na shida zao nyingine wanazimalizia hapo hapo nyuma ya pazia la turubai.

Nesi wa lori la pili alikuwa Tumpale, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuchoka. Nilimsalimia, nikajitambulisha kuwa fundi, nikauliza namba 37.

"Yule pale mwenye kofia ya sufu. Bibi yake ni 38. Usimtie hofu, ametapika njia nzima."

Nilikwenda. Bibi alinipokea kwa mikono miwili. "Ndaga, mwanangu, ndaga fijo, asante sana. Wewe ndiye utakayetufungulia mnara?"

"Tuko wengi, bibi."

Mtoto alinitazama. Alikuwa na meno mawili ya mbele yaliyong'oka, na alikuwa akiuchezea mkono wa sweta lake la shule uliofumuka. Sikutaka kuliona hilo sweta.

"Shikamoo. Nikitolewa kamba nitafika mpaka kule kwenye mti?" aliuliza.

"Marahaba. Utafika hata nyuma ya kilima."

"Mnara unasikika? Ukigonga, mtu anausikia?"

"Husikii kitu. Unasahau kabisa."

"Mimi nitausikia," alisema, kama mtu aliyeshapanga. "Nitakuwa nausoma. Bibi kanifundisha kuhesabu mpaka mia mbili."

Nilisema vizuri. Nikaondoka haraka nikajificha nyuma ya tairi la lori. Nilifikiri: hakuna atakayejua. Mtoto ataunganishwa saa sita, saa sita na nusu atakuwa amelala, watasema homa ilikuwa imemla sana. Nesi ataandika hivyo. Bibi atabaki na 38 yake. Mimi nitakula chakula cha mchana. Na nikiwa nawaza hivyo nilijisikia njaa kweli, na njaa hiyo ndiyo iliyoniogofya kuliko kifo.

Nilirudi kwa nesi. "Malori yanashuka lini?"

"Wakishaunganishwa tu. Hata kabla ya saa saba. Bondeni wapo mia nne wanangoja."

"Kamba zinarudi tupu?"

"Zinarudi tupu, sisi na dereva."

"Na mtu akitaka kushuka nazo? Mtu asiye na namba?"

Alinipima kwa macho kuanzia kadi yangu ya kazi hadi viatu. "Kamba haina ubaguzi. Lakini akifika chini hatakuwa na kitanda. Nafasi za hawa zilijaa kabla hatujapanda mlima. Atakaa humu humu kwenye lori, jina lake liandikwe mwisho wa foleni."

"Foleni inakwendaje?"

"Kwa mwezi zinapatikana nafasi mbili, tatu."

"Zinapatikanaje?"

Nesi Tumpale aliinama akakaza kamba ya mgonjwa aliyekuwa karibu, ingawa haikuwa imelegea. "Fundi," alisema, "wewe ni mtu mzima."

4

Saa tano na dakika arobaini nilimwambia Bi Shamsa kwamba nataka pointi ya sita.

"Kanuni ni tano," alisema. Kikombe cha chai kilikuwa bado mkononi mwake.

"Najua, Bi Mkaguzi. Nataka 37."

Aliniangalia, akamwangalia Kaka Eliakimu aliyekuwa amegeukia dirisha, akaona labda kitu fulani ambacho hakutaka kukitaja. "Nitaelekeza antena," alisema. "Dakika kumi. Halafu naruhusu malori."

Alipotoka, Kaka alisema bila kugeuka, "Usinifanyie hivi."

"Kuna kamba. Nimeuliza."

"Mita tatu! Kule chini watu wanaoza kwenye hizo kamba, mdogo wangu. Sikukutoa kwenye turubai ili urudi kwenye turubai."

"Mtoto amevaa sweta la shule," nilisema. Sikuwa na hoja nyingine. Alifumba macho.

Nilikaa kwenye kiti, nikaipa skrini mgongo. Nilisikia kiti chake kikilia alipokaa. Redio ikakwaruza, Bi Shamsa akasema yuko tayari. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye skrubu ndogo ya thelathini na saba.

"Soma, Kaka."

Nilisikia akisogea karibu na skrini. Kisha: "Hamsini na sita. Ni safi. Ilikuwa safi muda wote, nilikosea kuisoma. Weka bisibisi chini."

Mkazaji hana namna ya kujua. Ndivyo sheria ilivyotungwa, amwamini msomaji au aache kazi. Lakini mimi siku hiyo nilikuwa na kipimo kifuani. Pigo la Kaka lilikuwa linagonga, hafifu, lenye haraka ya mtu mwenye hofu, na lingekuwa limekufa kabisa kama pacha angekuwa kwenye hamsini na sita.

"Soma tena."

"Tusekile."

"Nimekusikiliza miaka kumi na mitano sijageuka. Sasa nisomee kweli mara moja."

Alikuwa analia, nilisikia pua yake. "Thelathini na moja," alisema.

Nikakaza kidogo kuliko upana wa ukucha.

"Thelathini na nne."

Hodi ya nyumba ya pili ikawa ya nyumba ya tatu. Macho yakaanza kuona cheche. Niliogopa sana, nikamtaka mama yangu, ambaye nilikuwa sijamtaja kwa miaka.

"Thelathini na nane. Tusekile, simama hapo, pengine mtoto ataweza kuvumilia thelathini na nane."

"Hawezi. Soma."

"Arobaini na tatu."

Na hapo pigo likaondoka. Halikukatika kwa kishindo. Lilikuwepo, kisha kilichobaki ni kidundo changu kikilikumbuka tu, pigo lile lile moja la mwisho, limeganda kwenye mwendo mmoja. Dakika nne. Nilikaza mara ya mwisho.

"Hamsini na nane," Kaka alisoma. Halafu akaongeza neno ambalo msomaji hulisema akimaliza, na ambalo hakuwahi kulisema kwa 37: "Funga."

Nikachukua kichupa cha rangi nyekundu, nikatia tone juu ya skrubu. Likachuruzika mpaka kwenye 38, nikalifuta kwa kidole. Ule ulikuwa ujinga, kupoteza sekunde kumi kwa usafi wa kazi, lakini sikuweza kuiacha wazi. Kisha nikakimbia.

Ngazi arobaini na mbili. Uwanja wa viazi. Nilianguka kwenye tuta moja, nikaamka. Bi Shamsa alikuwa ameshapeperusha kitambaa cha ruhusa, na kwenye malori manesi walikuwa wanachomoa kamba moja baada ya nyingine. Mwili ulikuwa unadai pigo la mtu anayekimbia na kidundo kiliendelea kunipa lile la kukaa kwenye kiti. Dunia ikaanza kuwa nyembamba. Nilimwona Nesi Tumpale akiinama juu ya mtoto mwenye kofia ya sufu, kamba ikatoka, na mtoto akabaki ameduwaa, mkono kifuani.

"Hiyo," nilisema. Sauti haikutoka. Nikaonyesha kwa kidole. "Hiyo kamba."

Nesi hakuuliza kitu. Alinivuta juu ya lori kwa kwapa, akachana kola ya blauzi yangu, akaanza kutafuta tundu chini ya mtulinga, mahali ambapo ngozi ilikuwa imeshafunika kwa miaka kumi na mitano. "Tulia," alisema. "Tulia, tulia, halipo, nitalitoboa." Niliona kiwembe. Maumivu yalikuja kutoka mbali sana.

Kisha mashine ikanigonga. Pigo moja nene, la chuma, halina haraka wala upole. Likaja jingine. Nikavuta hewa, nikatapika pembeni.

Nilipoinua kichwa nilimwona Kaka Eliakimu akija uwanjani anakimbia, mzee wa miaka sitini na tatu, kofia imemdondoka, anaruka matuta. Moyo wangu haukuongeza hata pigo moja. Kwa mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, alikimbia na mimi sikuhisi kitu.

Mtoto alikuwa bado amesimama karibu na miguu yangu. Bibi yake alikuwa anamwita ashuke, aje akanyage ardhi, lakini yeye alikuwa amefumba macho, kiganja kwenye sweta. Niliutazama mdomo wake. Kama skrubu ile ilikuwa imeponyoka, kama rangi ilikuwa mbichi ikalegea, kama Kaka alinisomea uongo mara moja zaidi, ningeliona jambo hilo usoni pake kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Unausikia?" niliuliza.

"Moja," alisema. Akasubiri. "Moja." Akasubiri tena, na mimi nikasubiri naye, kamba ikinivuta shingo. "Moja tu, hakuna la pili."

Dereva aliwasha lori. Nilikuwa bado naogopa, naogopa barabara, naogopa bondeni, naogopa mita tatu. Nikamwambia mtoto ashuke kwa bibi yake, aendelee kusoma kwa sauti, mpaka nisipomsikia.